Hasara na Kamba Yake

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tano, nikauza ndizi stendi, nikasukuma mkokoteni Majengo, nikalala juu ya mifuko ya saruji ya watu mpaka nikaja kulala juu ya mifuko yangu mwenyewe, na leo lile jengo la ghorofa tatu unaloliona ukitokea mtaa wa Soweto hapa mjini, lenye vioo vya bluu, ni la kwangu, na benki haina hata tofali moja ndani yake. Watu wenye digrii huja kuniamkia asubuhi na kuniombea watoto wao kazi. Nimeona mengi mno, sishtuki tena na jambo. Lakini ukiingia dukani kwangu, ninakouza kila kitu cha ujenzi kuanzia msumari hadi bati, utaona jambo ambalo wateja hulishangaa wao: hakuna kamba ya katani. Za nailoni zipo za kila rangi, za kufungia turubai, za kuanikia nguo, za kuvutia ndoo kisimani. Ya katani hakuna. Mteja akiitaka, namwelekeza kwa jirani yangu, na hela aende nayo. Sababu yake ni harufu. Kamba mpya ya katani ina harufu yake, kavu, yenye ukali kidogo, kama nyasi zilizolazwa ndani ya gunia lililowahi kubeba chupa ya mafuta ya taa. Ikinifikia, hata nikiwa nabishana bei na fundi, narudi Machame, mvua za vuli zinanyesha, kahawa imeiva, na mimi sijatimiza miaka kumi na moja.

Kwetu ni juu kabisa, karibu na pale migomba inapokoma na msitu unapoanza. Siku hizo kihamba cha baba, shamba la urithi wa ukoo, kilikuwa kizima, hakijakatwakatwa kugawiwa watoto wa kiume. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfereji, na masale ya mpakani yaliyopandwa na watu ambao hata babu hakuwaona. Asubuhi nyumba ilinuka moshi wa kuni mbichi na samadi, na jioni ilinuka maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha. Baba alikuwa na ng'ombe wawili bandani, lakini kila mtu alijua kwamba ana wengine wengi wamesambaa kwa watu. Kwetu mwenye mali hakuweka mifugo yake yote chini ya paa moja, ugonjwa ukija ukammaliza, na majirani wakakaa wakihesabu. Alimfugisha mwenzake. Wewe uliyefugishwa ulimlisha mnyama, ukanywa maziwa yake, ukachukua samadi ukatia kwenye migomba yako, na ndama akizaliwa alikuwa wa mwenye mali. Mnyama akifa, ulimchuna ukampelekea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake, asije akadhani umemuuza. Kamba nayo ilikuwa na sheria yake. Ukimuuza mnyama, au ukimtoa moja kwa moja, unavua kamba yako na kurudi nayo nyumbani, maana yake umemwachia. Ukimfugisha mtu, kamba inabaki shingoni kwa mnyama, iwe ushahidi kwamba huyu ana mwenyewe. Haya baba alinifundisha kabla sijaweza kuandika jina langu. Alikuwa akisema mjinga hutoa, mwerevu hufugisha. Neno hilo ndilo lililonijengea ghorofa, sitaki kudanganya.

Msimu ule watoto wengi wa kwetu tulishuka kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa la chini, tukilipwa kwa debe. Nilikuwa nachuma kuwashinda wakubwa, kwa sababu wao walichuma wakipiga soga na mimi nilichuma nikiwaza hela. Siku moja mvua ilitufukuza mashambani tukakimbilia nyuma ya ghala la mbolea, na hapo tukamkuta mbwa. Alikuwa wa mlinzi aliyeachishwa kazi. Mlinzi aliondoka na godoro lake na redio yake, mbwa akamwacha nguzoni, amefungwa kwa waya. Ulikuwa waya aliovishwa akiwa mdogo. Mbwa alikua, waya haukukua. Ulikuwa umezama ndani ya shingo mpaka hauonekani, unaona tu nyama imefumba juu yake na inzi. Wenzangu walianza kumtupia kahawa mbichi, kila mtu akilenga jicho, na yeye hakunguruma wala hakujitetea, alijibandika ardhini kama anataka aingie ndani yake. Sijui kwa nini nilikwenda kumwomba dereva wa trekta koleo. Dereva alinipa huku akicheka, akasema kesho nitakuja kazini bila vidole. Sikung'atwa. Nilipokata ule waya na kuuvuta, mbwa alijikojolea, akanikojolea na mimi, basi. Nikamtia kwenye gunia nikampandisha mlima mgongoni, na njia nzima sikusikia hata pumzi yake.

Baba alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyekuja kukopa. Aliuliza anabweka? Nikasema atabweka. Akaokota kijiti, akakirusha ukutani, mbwa akalala chali akajikojolea. Baba akampa jina papo hapo: Hasara. Kwetu mbwa hupewa jina ili majirani wasikie anapoitwa. Kulikuwa na mbwa anaitwa Mtasema, mwingine Hamjui, na mzee mmoja aliyegombana na ndugu za mkewe alimwita mbwa wake Shemeji, akawa anamfokea kwa sauti kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Jina la Hasara halikuwa la majirani, lilikuwa langu mimi. Kisha baba akatoa hukumu, na baba akishatoa hukumu alikuwa haongezi wala hapunguzi. Mbwa atakaa mpaka Krismasi, kwa kuwa Krismasi wageni wanakuja na yeye hataki waone mnyama anayekula bila kazi. Nitafute mtu wa kumchukua. Nisipompata, atamtia kwenye gunia lile lile nililomletea, pamoja na jiwe, amtupe korongoni. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesema kesho tutapalilia.

Sasa nikwambie woga wa mbwa yule ulivyokuwa. Mchana alijificha kwenye lundo la majani makavu ya mgomba nyuma ya choo, unaona pua tu. Mtu akipita amevaa buti, anatetemeka mpaka majani yanalia. Lakini kilichomuua kabisa kilikuwa kikohozi cha mwanamume. Bila shaka yule mlinzi alikuwa akikohoa kabla ya kumpiga, au akimpiga. Baba akikohoa sebuleni, Hasara analowa huko nyuma ya choo. Watoto wenzangu walipogundua hilo wakapata mchezo wa msimu mzima. Walikuwa wanajipanga kwenye masale, mmoja anahesabu, halafu wote wanakohoa kwa pamoja, wanakimbia wakicheka. Mimi mwenyewe nilishikwa na mafua ya vuli mwezi ule, nikajifunza kukibana kikohozi kifuani mpaka machozi yananitoka, nikatoka nikaenda kukohoa kwenye kahawa za jirani.

Baba alisema kutupa kitu kabla ya kukijaribu ni ubadhirifu, kwa hiyo kwanza alimpeleka kwa Makofi. Makofi alikuwa mlinzi wa mashine ya kusaga, na alisifika kwa kuwafanya mbwa wawe wakali. Ufundi wake ulikuwa huu: alimtumbukiza mbwa kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, akamfunika kwa mbao na udongo, giza tupu, na chakula chake kikawa ugali uliokandwa na pilipili kichaa. Usiku na mchana mbwa hajui mtu wala jua. Akitolewa humo, alisema Makofi, anamchukia kila mwenye miguu miwili. Tulikwenda kumtoa na baba, na nusu ya kijiji ilikuja kuangalia, wengine wamepanda kwenye miti wasije wakararuliwa. Mbao zikaondolewa. Hasara hakutoka. Makofi akamvuta kwa ngozi ya mgongo, akamweka juani, akakohoa kidogo kusafisha koo ili aseme neno. Mbwa akatandazika chini, miguu minne kwa pande nne, mkojo ukatoka.

"Meku," Makofi akamwambia baba, na hilo kwetu ndilo neno la kumheshimu mzee, "huyu si mbwa. Huyu ni shuka."

Watu walishuka kwenye miti wakicheka, na neno likabaki. Nilipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kumtafutia mtu, watoto walitutangulia wakitangaza kwamba shuka linauzwa. Mama mwenye kilabu cha mbege alinipa kata ya pombe kwa huruma, akaniambia kwamba mwizi akija, mbwa huyu atamshikia taa. Mzee wa kanisa aliuliza anakula nini, anafanya nini, akanikumbusha kwamba hata punda aliyembeba Bwana alikuwa kazini. Shangazi yangu alisema angemchukua kama angekuwa kuku. Sikuwalaumu, hata leo siwalaumu. Mlimani kwetu kila kilichokula kilitakiwa kionyeshe kazi yake, sisi watoto tukiwa wa kwanza. Mkono mtupu haulambwi. Wiki zilikwenda, kahawa zikapungua mitini, na kila jioni baba alipita nyuma ya choo akatazama lile gunia alilolitundika kwenye msumari, akalinyoosha mikunjo.

Aliyebaki alikuwa Bibi Elieshi. Alikuwa mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya korongo, nyumba ya mwisho kabla ya msitu, na alikuwa kiziwi. Alisikia tu ukimpigia kelele karibu na sikio, na yeye mwenyewe aliongea kwa sauti kubwa kwa sababu hakujua sauti yake ina ukubwa gani. Watu hawakumwendea sana. Nilimpelekea Hasara kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa na nyumba, na njiani nikagundua kitu ambacho mtu mwenye digrii asingekigundua: huyu ndiye mtu pekee Machame nzima ambaye mbwa asiyebweka si hasara kwake. Abweke, asibweke, yeye atajuaje? Nilijisifu moyoni, na nikikumbuka ile akili ya mtoto wa miaka kumi, bado najisifu.

Nyumba yake haikuwa na mwanamume, wala buti, wala kikohozi. Ilikuwa na mbuzi wawili, moto wa kuni usiozimika, na ukimya. Bibi hakumwita mbwa wala hakumpapasa. Alikaa akamenya ndizi, akawa anatupa kipande kimoja nyuma ya bega lake bila kugeuka. Siku ya kwanza Hasara alibaki mlangoni. Nilipompeleka mara ya pili aliingia hadi kwenye mbuzi. Nikawa nampeleka kila nikitoka kuchuma, na siku moja nilifika nikamkuta Bibi anakwenda kuchota maji mferejini na Hasara anamfuata, yuko huru, hana kitu shingoni, kovu la waya limeanza kukauka, na mkia, ambao siku zote ulikuwa umeingia tumboni, umekaa mahali pa mkia. Bibi aliweka ndoo chini, akaniuliza kwa ile sauti yake iliyosikika mpaka kwa jirani:

"Umenipa?"

Sikujibu siku ile. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba nitarudi. Mjinga hutoa, mwerevu hufugisha. Nilikuwa mwanaume mwenye mnyama, na mnyama amepata mtu, basi mambo yafanywe kama yanavyofanywa. Siku ya soko nilishuka na hela yangu ya kuchuma kahawa, nikapita maandazi, nikapita mpira wa plastiki niliokuwa nimeuota tangu mwanzo wa msimu, nikanunua kamba mpya ya katani, ndefu, imara, ya kumfaa ndama. Nilipanda nayo mlima nimeivaa begani, nikiinusa. Baba alinikuta njiani akauliza ya nini. Nikamwambia nimemfugisha Bibi Elieshi mbwa wangu. Baba alisimama. Kisha akacheka, kicheko ambacho nilikuwa namsikia akicheka na watu wazima tu, akanipiga bega akasema, "Huyu ni mwanangu." Hakuwahi kuniambia hivyo kabla, na hakuniambia tena mpaka tulipomzika.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hasara alipoiona kamba alirudi kinyumenyume mpaka ukutani, na alipoinusa akajilaza, akanyoosha shingo yake chini, kama anayesema haya fanya. Bibi Elieshi aliitazama ile kamba, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa zamani, alijua sheria kuliko baba.

"Kwa hiyo umenifugisha," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali, nimekaza kifua. Aliingia ndani akarudi na kipande cha kanga chakavu, akakizungusha kwanza kwenye kovu, halafu akafunga kamba juu yake, polepole, kama anamfunga mtoto mbeleko. Tangu siku hiyo alipotoka nyumbani alimfunga. Akienda kutafuta majani ya mbuzi, amemfunga. Akienda kanisani, amemfunga, kwenye mti ulio nyuma ya banda la mbuzi, ukingoni mwa korongo, ambako kamba ingefika mbali na mbwa asijizungushie. Mali ya mtu haiachwi ikazurura, ikipotea utaulizwa. Akirudi alimfungua, na Hasara alikaa kitambo kirefu pale pale, kama bado amefungwa, kabla ya kumfuata jikoni. Mimi nikipita na kumkuta mtini nilifurahi. Niliona mali yangu inatunzwa. Baba alilitoa lile gunia kwenye msumari, akatilia kahawa.

Krismasi ikaja na magari yake. Wewe usiye Mchaga huwezi kuelewa Krismasi ya kwetu, waliotawanyika nchi nzima wanarudi siku hizo kuonyesha walichopata. Uani kwetu palijaa. Baba mdogo aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alikuja na wanawe wawili wenye viatu vya raba vyeupe, na wanawe walikuja na fataki, sanduku zima, kitu ambacho sisi tulikuwa tunakisikia tu. Baada ya ibada walikwenda kuzilipulia ukingoni mwa korongo, kwa sababu ya mwangwi: ukilipua moja, korongo linakurudishia ya pili. Watoto wote waliwafuata. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimepewa kazi ya heshima ya kushika miguu ya mbuzi wakati anachinjwa, na baba alikuwa ananiambia nishike vizuri, damu ya kupikia kisusio, supu yetu ya Krismasi, isimwagike. Nilizisikia fataki. Kila moja ilipiga huku, ikapiga na ng'ambo. Nakumbuka niliwaza hela iliyokuwa inaungua, basi, nikashika mguu vizuri na damu haikumwagika hata tone. Bibi Elieshi alikuwa amebaki kanisani na vikongwe wenzake, wakigawiwa chai na nyama. Hata angekuwa nyumbani, asingesikia.

Alikuja kesho yake, adhuhuri, wageni wote wamekaa uani kwenye viti na mabenchi na mbege ikizunguka. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Mikononi alibeba kifurushi cha jani la mgomba, na juu ya kifurushi kamba ya katani, imeviringishwa vizuri kama inavyoviringishwa dukani. Kicheko cha watu kikapungua. Baba alisimama akamwamkia, akaona alichobeba, na uso wake ukabadilika ukawa ule wa kusikilizia kesi. Alilazimika kupaza sauti ili Bibi asikie, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Amekufaje?"

"Amejinyonga. Aliruka korongoni, kamba ikamshika."

"Kamba ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Basi huna deni, mama," baba akasema. Kisha akanigeukia. "Mwenye mali, pokea."

Nilipita katikati ya wageni nikapokea. Jani lilikuwa bado na joto la mikono ya Bibi. Nililifungua kwa sababu ndiyo sheria, mwenye mali lazima aone: ngozi ya rangi ya udongo, imechunwa kwa uangalifu na mkono unaojua kuchuna mbuzi, na shingoni kipande cha kanga bado kipo, kimelowa. Hapo ndipo baba mdogo wa Dar es Salaam alipolipuka kwa kicheko. Wengine wakamfuata. Ngozi ya mbwa inakabidhiwa kama ya ng'ombe! Mtu mmoja akauliza kidari, nyama ya kifua anayotengewa mkwe, kimewekwa wapi. Mwingine akasema hilo shuka sasa limefuliwa. Walicheka mpaka mbege ikamwagika. Binamu zangu wa viatu vyeupe walicheka wakiwa hawaelewi. Baba hakucheka hata kidogo, na hilo lilinikata kuliko kicheko, kwa maana yeye peke yake alikuwa ananiheshimu. Bibi Elieshi aliwatazama midomo yao iliyofunguka, akaniwekea mkono kichwani, akadhani ananinong'oneza:

"Ungekuwa umenipa, mjukuu wangu, nisingemfunga."

Uwanja mzima ulisikia. Wachache walinyamaza. Wengine waliendelea, kwa kuwa kicheko kikishapata pombe hakisimamishwi na neno la kikongwe. Bibi alikataa kiti, akakataa nyama, akarudi kwake. Jioni baba alinionyesha mgomba wa kuifukia ile ngozi, shina ambalo lilikuwa limedhoofika. Mwaka uliofuata mgomba ule ulizaa mkungu mkubwa, tukaula. Kamba aliichukua akamfunga ndama. Nilipoikodolea macho aliniambia kamba haina kosa.

Siku hizi huko juu hakuna anayefugisha mtu mnyama. Vihamba vimekatwa vipande, mikahawa imeng'olewa, kila mtu na ng'ombe wake mmoja na wivu wake. Kwa Bibi Elieshi kumejengwa nyumba ya kulaza wageni wanaopanda mlima, na korongo limejaa chupa za plastiki. Mjini fataki zinauzwa kwenye maduka ya kawaida, rafu moja na biskuti. Na kuna vijana, mmoja wao ni binti yangu wa mwisho, Upendo, ambao mchana kutwa wanaokota mbwa waliogongwa na waliopigwa, wanawatibu, halafu wanawatafutia watu wa kuishi nao. Nilipomsikia mara ya kwanza nilicheka kama baba yangu mdogo. Kisha akaniletea mmoja anaitwa Lulu, ambaye muuza chipsi wa Majengo alimmwagia mafuta ya moto mgongoni. Hakuna aliyemtaka. Watu wa Soweto wanataka mbwa wa kulinda geti, na huyu aliingia chini ya Fuso langu akakaa huko akitetemeka kila dereva alipofunga mlango. Upendo alikuwa amepata kazi Mwanza, na daktari wa mifugo alikuwa amesema mbwa akikosa pa kwenda ni heri achomwe sindano apumzike. Binti yangu alisimama mbele yangu, mnyororo mkononi, upande wa pili wa mnyororo Lulu amejibana kwenye kisigino chake. Akasema hatafuti mtu wa kumshikia mbwa kwa muda. Anatafuta makazi ya kudumu.

Nikamwambia avue huo mnyororo na mkanda wa shingoni, aondoke navyo.

Alidhani nimemfukuza. Macho yake yalijaa machozi, na mimi si mtu wa kuona machozi ya mtoto nikavumilia, kwa hiyo nilimfokea: "Nimesema kamba yako nenda nayo. Mbwa abaki." Alivua akiwa haelewi. Amekwenda navyo Mwanza, viko kwenye sanduku lake mpaka leo, ananiambia. Hakuna aliyewahi kumweleza baba yake alikuwa anafanya nini, na mimi sina muda wa kueleza.

Lulu yuko. Simpapasi, mimi si mtu wa kubembeleza mbwa, na majirani wanasema mwenye ghorofa anafuga mbwa bubu, waseme. Krismasi, fataki zinapoanza mchana, nawaacha wageni na nyama yao, naingia stoo ya saruji, nafunga mlango, nakaa juu ya mifuko bila kukohoa, na yeye anakaa anapotaka. Nikisikia mlipuko huwa nangoja wa pili, ule wa mwangwi. Mjini hauji.

Watu wakiona ukuta nilioupandisha, bati nililozibia chini ya geti na gari la daktari wa mifugo likiingia kila mwezi, huniuliza mbwa huyu amekula shilingi ngapi. Nawaambia huyu bado nalipa, hesabu yake haijafungwa. Iliyofungwa ni ya yule wa kwanza, nayo naijua mpaka senti kuliko bei ya hili jengo. Hakula kitu changu, kwa Bibi alikula maganda na vipande vya ndizi. Koleo niliazima, gunia lilikuwa la baba. Nilichomnunulia maishani mwake ni kimoja tu, kwa hela yangu mwenyewe, siku ya soko: kamba ya katani, shilingi kumi na mbili na senti hamsini.